Aliyeamkia Koti

Mke wa fundi aliacha kuona nyuso za watu. Mwili aliuona, nguo aliziona, hata kifungo kilichokatika shatini alikiona. Uso haukuwepo. Mahali pa uso palijaa kile kilichokuwa nyuma ya mtu: aliyesimama mbele ya ukuta alikuwa na ukuta, aliyesimama mbele ya mlango alikuwa na mlango. Kofia juu, shingo chini, sikio huku na sikio huku, katikati ukuta.

Hakuzaliwa hivyo, wala hakurogwa, ingawa waliosema amerogwa hawakukosekana. Yaliletwa na miwani, na miwani ilichaguliwa na mumewe aliyempenda.

Mwanamke huyo alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la nyanya. Zamani ghala lile lilikuwa la kuhifadhia saruji. Baadaye madirisha yalizibwa kwa matofali, na sasa ndani yake nyanya zilikua kutoka mbegu mpaka kreti bila kuliona jua hata siku moja. Jua lao lilikuwa taa za zambarau zilizoning'inia kwa minyororo, safu baada ya safu. Chini ya taa hizo majani mabichi yalikuwa meusi kama yameungua, na nyanya mbivu zilikuwa kama zina moto ndani. Kilichowaka hasa ni kitu cheupe: makoti ya kazi, kola, meno. Mtu akicheka mwisho wa safu, uliyaona meno yake kwanza, yeye mwenyewe baadaye. Feni zilivuma bila kupumzika, na majani yale meusi yakatikisika kidogo, yote kwa pamoja, kama mkutano unaokubali jambo. Aliyetoka nje jioni aliikuta dunia kijani. Mawingu kijani, lami kijani, mumewe anayemngoja getini kijani kama mtu aliyeopolewa kisimani. Halafu rangi zilirudi moja moja, na watu wakaenda zao.

Mke wa fundi alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi, na kazini walimwita Mlingoti. Wenzake walifunga mashina kwenye kamba huku chini. Yeye alifunga ya juu, karibu kabisa na taa, kwa sababu alifika. Ngazi zilikuwepo, lakini alipoomba moja, ili akae juu ya taa badala ya kuzitumbulia macho kutoka chini, msimamizi alimjibu, "Mungu amekupa ngazi ya mifupa, unataka ya mbao ya nini?"

Kisha zikafungwa taa mpya. Zilikuwa kali zaidi, na katikati ya zile za zambarau kulikuwa na vidoa vya bluu ambavyo ukivitazama vilikufuata ukiwa umefumba macho. Walisema nyanya zitaiva mapema. Jioni ile mke wa fundi alifika nyumbani machozi yakimtoka.

"Kuna mchanga machoni," alisema. "Nimeosha, hautoki."

Mumewe alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mageti na madirisha. Alimwinua kidevu, akamtazama kama anavyotazama kiungo alichokichomelea.

"Mchanga huo naujua. Hautoki kwa maji. Macho yameungua."

Alikata kiazi kibichi vipande viwili vya duara, akamlaza kwenye benchi na kumwekea machoni, kama wachomeleaji wanavyofanyiana. Binti yao, ambaye meno mawili ya mbele yalikuwa yamemtoka na kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Kibogoyo, alikuja kumchungulia.

"Mama ana macho ya kiazi."

"Nyamaza, usije ukaliwa," mama yake alisema. Wakacheka wote watatu.

Kesho yake alimfuata msimamizi. Wenzake walikuwa pale pale, wakivaa makoti.

"Bosi, taa hizi zinaumiza macho."

"Zinakuumiza wewe. Wenzako mbona wamenyamaza?"

"Wenzangu wafupi."

Watu walicheka. Msimamizi hakucheka. "Basi vaa miwani. Sijamkataza mtu. Kampuni inakupa koti na kofia. Macho ulikuja nayo."

Mumewe akampa miwani yake ya kuchomelea. Aliivaa, akaingia gizani. Hakuiona hata mikono yake, na badala ya kukata kamba akakata shina. Nyanya kumi na kitu mbichi zilianguka begani kwake.

"Mlingoti," msimamizi aliita kutoka upande wa pili, "umekuja kufunga nyanya au kuchomelea geti?"

Shina lile lilikatwa kwenye mshahara wake.

Mtu mmoja tu ghalani alikuwa na miwani ya kazi, mwanamke mnene mpole waliyemwita Mwalimu kwa sababu ya miwani hiyo hiyo. Vioo vyake vilikuwa vyeupe, vimeingia rangi kidogo sana, kama maji yaliyotiwa tone la chai. Kaka yake alimnunulia. Wenzake walimuuliza amesahau kununua vioo au ni fremu tupu.

"Hazizuii mwangaza, shoga," alimwambia mke wa fundi wakila mchana. "Bado nakunja macho. Ila nikifika nyumbani siwashwi."

"Hazizuii mwangaza, zinazuia nini?"

"Sijui. Siwashwi tu."

Siku ya mapumziko walikwenda watatu kununua miwani. Fundi alikuwa na pesa alizoziweka kwa ajili ya glavu mpya za ngozi, maana za zamani zilikuwa zimetoboka kwenye dole gumba. Muuza miwani alikuwa na ubao mkubwa uliotundikwa miwani tupu, na kila mpita njia alijiona humo akiwa wengi, wadogo na weusi.

"Nataka ya kinga," fundi alisema. "Sitaki ya urembo."

"Kinga ya nini, kaka? Vumbi, jua au wadai?"

"Taa. Mke wangu anafanya kazi chini ya taa kali."

Yule bwana alishusha miwani mbili. "Hii nyeupe ni ya kazi. Ina kikaratasi chake, wanasema inazuia mionzi isiyoonekana. Hii nyeusi watu wanavaa kwa jua."

Fundi aliichukua nyeupe, akaielekezea juani, akakunja uso mara moja.

"Inazuia nini hii? Jua limepita lote. Hiki ni kipande cha chupa."

"Kikaratasi kinasema..."

"Kikaratasi hakina macho, ndiyo maana kinasema."

Akaichukua nyeusi. Kupitia kwayo jua lilikuwa duara dogo, safi, lisilo na ukali, kama sarafu chini ya maji. Alilitazama muda mrefu bila kupepesa, akatabasamu.

Mkewe wakati huo alikuwa ameivaa ile nyeupe. "Mwenzangu kazini anayo kama hii. Hawashwi."

"Mwenzako ameolewa na mchomeleaji?"

"Hajaolewa."

"Basi." Hata mkewe alicheka. Fundi akapunguza sauti, akamshika kiwiko. "Mke wangu, kazi yangu mimi ni moto. Nimeutazama tangu sijaota ndevu, na mpaka leo nasoma gazeti bila kulisogeza. Kilichonilinda ni kioo cheusi. Unataka nikuache uende pale na kioo cha dirisha?"

Nyeusi ilikuwa bei mara mbili. Muuzaji alianza kupunguza mwenyewe kabla hajaombwa, fundi akamkatiza.

"Kwa macho ya mke wangu sipunguziwi."

Mkewe alisikia neno lile na likamwingia. Ni yeye, kwa mkono wake, aliyeivua nyeupe na kuirudisha ubaoni. Akavaa nyeusi.

"Mama amekuwa nzi," Kibogoyo alisema.

Miwani ilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe. Siku ya kwanza alisimama chini ya taa mpya na ukali wote ukawa umekwisha. Wenzake wakamwita Staa, wakamwomba wapige naye picha. Sasa hakufunga mashina huku amegeuza shingo. Aliinua uso wake wote na kutazama juu moja kwa moja, na mikono ikaenda haraka. Msimamizi alipita akasema, "Ndiyo hivyo," na msimamizi yule hakuwa mtu wa kusema ndiyo hivyo.

Taa zilikuwa zimegeuka nzuri. Nyuma ya vioo vyeusi kila moja ilikuwa na utulivu wake, mviringo wa zambarau wenye kidoa cha bluu katikati, na kidoa kile kilikuwa kama kinapumua. Alikuwa akimaliza kufunga shina na kubaki ametazama juu. Mwalimu alimwona hivyo mara kadhaa, mrefu, ameduwaa, mikono imebaki kwenye kamba, majani meusi yakitikisika mabegani kwake.

"Shoga, unatazama nini?"

"Sitazami kitu. Napumzika."

Nyumbani mchanga haukuisha. Fundi alisema ni wa zamani, unatoka. Akaendelea kukata viazi.

Doa aliliona kwanza ukutani, juu ya jiko. Lilikuwa dogo, rangi ya majivu. Alichukua kitambaa akalifuta. Likahamia pembeni kidogo, akalifuta na huko.

"Mama, unafuta nini?"

"Doa."

"Wapi?"

"Si hili hapa."

Kibogoyo alisogea, akautazama ukuta kwa makini, pua karibu iguse. Akamtazama mama yake. Hakusema neno, na mtoto huyo alikuwa wa maneno.

Doa likakua. Lilikaa kila alipotazama na likaondoka alipoacha kutazama, kwa hiyo hakuna siku alilikamata. Likala herufi kwenye simu. Likala tundu la sindano. Kisha asubuhi moja fundi aliketi mezani, akajimiminia chai, na mkewe alipoinua macho kumpa sukari akaona kofia, masikio na kola, na katikati ya hivyo rangi ya ukuta wao wa kijani pamoja na ufa wake.

"Vipi?" ukuta uliuliza.

"Hakuna," alijibu. Akaiweka sukari mezani taratibu sana.

Hakumwambia mtu. Asiyeona hawezi kufunga nyanya, na nafasi ya asiyefunga nyanya inasubiriwa na watu getini kila asubuhi. Akajifunza. Watu aliwajua kwa sauti, kwa mwendo, kwa harufu ya sabuni. Aligundua kwamba akitazama sikio la mtu, au bega lake, uso hujitokeza kidogo pembeni, hafifu, kama mtu nyuma ya pazia. Basi akawa anatazama mabega.

Mumewe aliliona hilo upesi.

"Unaongea na mimi au na sikio langu?"

"Na wewe."

"Basi nitazame."

Alimtazama. Uso ukazimika. Akayarudisha macho begani bila kutaka.

"Nimekula chumvi nyingi, mama," fundi alisema polepole. "Mtu anayekwepa macho ana jambo. Huko kwenye ghala lenu kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Unaapa ukitazama begani?"

Tangu siku hiyo alikula ameipa meza mgongo, na mkewe, Mungu amsamehe, alipata nafuu: mgongo aliuona wote.

Yaliyomtoa kazini yalitokea asubuhi, watu wakiingia zamu. Kwenye ndoano kando ya mlango wa mpira msimamizi huacha koti lake jeupe na kofia juu yake anapokwenda stoo. Chini ya taa zile koti liliwaka kama limesimama lenyewe, limenyooka, kofia mahali pake, na chini ya kofia hakuna uso. Kwa mke wa fundi watu wote walikuwa hivyo.

"Shikamoo, bosi," alisema.

Koti halikuitika. Alifikiri amekosea kitu. Aliinamisha kichwa, akasubiri.

"Shikamoo, bosi. Samahani kwa kuchelewa. Mtoto alikuwa na homa."

Nyuma yake mtu alicheka, meno yakawaka. Mwingine akafuata. Wakadhani ni utani, maana Mlingoti alikuwa mtu wa utani. Lakini aliendelea kusimama pale mbele ya koti, mikono ameifumbata, akisubiri marahaba, na feni zikivuma, na koti likayumba kidogo kwa upepo huo, na yeye akarudi hatua moja kulipisha. Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja alianza kusali kwa sauti ya chini.

Msimamizi alitokea stoo akiwa na shati tu.

"Kuna nini?"

Mke wa fundi aligeukia sauti. Halafu akaligeukia koti. Aliyageukia yote mawili tena, na wote waliokuwepo waliona kwamba hajui lipi ni mtu.

"Vua koti la kampuni," msimamizi alisema. Hakusema kwa ukali. Aliogopa. "Nenda nyumbani. Usirudi mpaka uwe mzima."

Mwalimu aliomba ruhusa amsindikize, akanyimwa, akamsindikiza.

Fundi alikuwa nyumbani akinoa patasi. Mwalimu alimweleza mlangoni, na yeye alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Ameliamkia koti," alirudia. "Mke wangu?"

"Haoni, shemeji."

"Anaona sana. Juzi ameokota pini sakafuni."

Ndipo Kibogoyo akasema. Alisimama mbele ya mama yake, karibu, uso kwa uso.

"Nikisimama hapa hanioni. Tazama, baba." Alitoa ulimi. Alikunja pua, akayakodoa macho, akaonyesha mapengo yake yote. Mama yake alitabasamu kwa upole, akitazama pale pale, bila kubadilika. "Sasa nasimama kando." Akahamia karibu na bega la mama yake na kutoa ulimi tena.

"Tia adabu ulimi huo," mama yake alisema.

"Huwa nasimama kando," mtoto alimweleza baba yake, kama mtu anayeonyesha mahali funguo zinapowekwa. "Wewe tu ndiye unasimama mbele."

Fundi aliweka patasi chini.

Kliniki ya macho waliingia wanne: mume, mke, mtoto, na Mwalimu, ambaye alikwishakosa siku yake ya kazi. Muuguzi wa macho alikuwa mwanamume mkavu, mwenye kuchoka. Alimtia mgonjwa dawa ya matone, akatazama ndani ya jicho moja kwa taa yake, kisha la pili, kisha akarudia la kwanza.

"Huyu ametazama jua?"

"Hapana," fundi alisema. "Anafanya kazi ndani. Na nilimkinga." Akaitoa miwani nyeusi mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa safi.

Muuguzi aliigeuza geuza. Alifungua mtoto wa meza, akatoa taa ndogo ya kukagulia noti bandia, kama zile za madukani, akaomba noti. Fundi akampa. Chini ya taa ile alama za siri za noti ziliwaka bluu.

"Mwanga unaowasha alama hizi hauonekani kwa macho. Sasa tazama." Aliweka kioo cheusi kati ya taa na noti. Alama ziliendelea kuwaka. Zilififia kidogo tu, lakini ziliwaka.

"Dada, naomba yako." Mwalimu alivua miwani yake nyeupe, ile ya fremu tupu. Muuguzi akaiweka mahali pale pale.

Alama zilizimika.

Fundi alimwondoa mkono muuguzi, akafanya mwenyewe. Nyeusi: zinawaka. Nyeupe: giza. Akafanya tena. Akafanya tena.

"Ukiweka giza mbele ya jicho," muuguzi alisema, "mboni hufunguka ipate kuona. Hufunguka sana. Na giza hili halikuzuia kitu cha maana, lilimwondolea maumivu tu. Bila miwani angefumba macho, angegeuza shingo. Hii ilimruhusu kutazama."

"Mimi kioo changu ni cheusi," fundi alisema. "Miaka yote."

"Chako kimetengenezwa kuzuia. Weusi umekuja juu yake. Si weusi uliokulinda, fundi."

Fundi alikaa na noti mkononi. Mkewe alikuwa akitazama bega lake.

"Ungenunua glavu zako ningekasirika," alimwambia. Ndiyo faraja aliyoiweza.

"Atapona?" Mwalimu aliuliza.

"Pembeni atabaki anaona. Katikati, huenda parudi kidogo. Sitaahidi. Taa zile asizisogelee tena." Akamrudishia Mwalimu miwani yake. "Na wewe usiivue."

Mwaka umepita, na palipozimika hapajarudi.

Waliolipa wanajulikana na walicholipa kinajulikana. Kazi ya ghalani ilikwenda kwa kijana mrefu aliyekuwa akingoja getini. Amenunua miwani nyeusi. Mwalimu alikatwa siku moja. Miwani ya mke wa fundi, bei ya jozi mbili za zile nyeupe, iko juu ya kabati, hakuna anayeitupa. Glavu za ngozi hazijanunuliwa, na fundi ana kovu la kuungua kwenye dole gumba ambalo hajalilalamikia. Sindano, simu na gazeti mkewe anafanyiwa. Uso wa mumewe anaukumbuka, na anasema kwa uso ule hasara si kubwa, na fundi hucheka, amesimama kando.

Uso wa mtoto ni habari nyingine, kwa sababu huo haukumsubiri. Majirani na walimu wameacha kumwita Kibogoyo. Mama yake bado anamwita hivyo. Juzi mtoto alimwambia, mama, jina hilo limepitwa na wakati, akamshika mkono akaupeleka mdomoni. Mama akahesabu kwa kidole. Meno mawili ya mbele, ya juu, mapya, makubwa, yenye kingo za msumeno. Yote mawili yaliota hajayaona.